Kutoka Malindi hadi Uhuru: simulizi ya safari ya watu wa visiwani

Wiki za matayarisho, Unguja na Pemba

Unguja haina kilima kinachofika mita 150. Pemba ina mabonde na miinuko mingi zaidi, lakini nayo haizidi hapo. Kilele cha Uhuru, juu ya Kibo, kuba kuu la Mlima Kilimanjaro, kiko mita 5,895. Mtu wa visiwani anaweza kuiandaa miguu akiwa nyumbani, na pumzi vilevile, ila kuzoea hewa ya juu hakuna mazoezi yake kisiwani. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa kule Forodhani, na ni asilimia 21 hiyohiyo juu ya Kibo. Kinachopungua ni mgandamizo: kileleni ni kama nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaleta nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili unajibu kwa kupumua zaidi, na figo zinatoa bikaboneti kwenye mkojo ili upumuaji huo usizuiwe. Kazi hiyo inataka siku, na nguvu za mtu haziifupishi. Ndiyo maana kundi hili la watu wanane, watano wa Unguja na watatu wa Pemba, lilichagua njia ya Lemosho kwa siku nane badala ya kubana safari kwa siku tano au sita ili kupunguza gharama. Pesa ya siku mbili za ziada ndiyo pesa bora kuliko zote katika safari hii.

Mazoezi yalikuwa ngazi za majumba ya Michenzani, mara tatu kwa wiki, saa nzima, na begi la kilo 6 mpaka 8 mgongoni. Kushuka kulihesabiwa sawa na kupanda, kwa sababu magoti na kucha huumia wakati wa kushuka. Mwisho wa wiki ulikuwa wa mwendo mrefu mchangani maji yakitoka, Paje hadi Jambiani na kurudi, na buti zilezile za safari miguuni. Buti za kukodi Moshi ni kamari. Koti, mfuko wa kulalia na fimbo vinakodishwa bila shida. Buti ununue mapema na uzivae mpaka zikujue.

Hospitali kwanza. Mwenye ugonjwa wa seli mundu asipande kabisa, na mwenye kubeba vinasaba vyake bila kuumwa apime na kuzungumza na daktari, maana kwenye oksijeni chache bandama lake linaweza kudhurika. Damu za pwani yetu zina seli mundu kwa wingi na wengi hawajijui. Daktari ndiye pia wa kuamua kuhusu asetazolamidi, dawa inayousaidia mwili kuzoea mwinuko. Kipimo cha kinga kinachotumika sana ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Dawa hii inaongeza mkojo, inawasha ncha za vidole na kuharibu ladha ya soda. Mwenye mzio wa dawa za salfa aseme mapema. Ijaribu nyumbani siku mbili, usije ukaijua tabia yake ukiwa hemani.

Wawili katika kundi ni wazamiaji wanaofanya kazi Nungwi. Aliyezamia ana gesi ya naitrojeni iliyoyeyuka mwilini, na akipanda ndege au mlima mapema, gesi hiyo hutoka kama mapovu. Baada ya kuzamia mara kadhaa, saa 18 ndiyo kiwango cha chini cha kusubiri. Hapa waliwekewa siku mbili kamili bila kuzama.

Tarehe ilichaguliwa kwa mwezi mwandamo. Usiku wa kilele uliwekwa karibu na tarehe 14, mbalamwezi ikiwa imejaa, kwani tochi ya kichwani inaonyesha hatua mbili tu mbele na mwezi unaonyesha mteremko mzima. Msimu ulikuwa wa kusi, baada ya masika kwisha. Juu ya mawingu anga ni safi wakati huo, lakini baridi ni kali kuliko miezi ya kaskazi, Januari na Februari. Ramadhani haifai kwa safari hii: maji lita tatu mpaka nne kwa siku hayanyweki kati ya magharibi na alfajiri.

Siku ya 1 na ya 2: Malindi, Dar es Salaam, Moshi

Boti ya asubuhi kutoka bandari ya Malindi, Unguja, saa mbili hivi majini, kulala Dar. Kesho yake basi kutoka Mbezi kupitia Chalinze, Korogwe na Same, siku nzima. Kwa ndege ni kama saa moja mpaka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na kwa upande wa kuzoea hewa hakuna tofauti: Moshi iko chini ya mita 1,000, na kulala pale hata wiki nzima hakukuongezei kitu.

Mwenye nafasi ya siku nne zaidi angeanza na Mlima Meru. Ukilala mara moja au mbili kwenye kibanda cha Saddle, mita 3,570, unafika Kilimanjaro mwili ukiwa umeshaanza kazi.

Jioni ni ukaguzi. Kila begi lilimwagwa kitandani na nguo zote za pamba ziliwekwa kando: fulana, suruali za jinzi, soksi nyembamba. Pamba inashika jasho, na jasho likipoa kwenye mita 4,000 linamwibia mtu joto lake lote. Nguo za sintetiki na makoti mazito ya manyoya ya bandia yanapatikana kwenye mitumba ya soko la Darajani, Unguja, kwa bei nafuu kuliko kukodi. Kinamama wa kundi waliacha buibui Moshi wakavaa suruali pana na kanzu fupi ya magotini, na kichwani ushungi wa kitambaa chepesi kinachokauka haraka, kofia ya sufu juu yake. Pindo refu linakanyagika kwenye mawe, na Ukuta wa Barranco, mwamba unaopandwa siku ya 7, unataka mtu auone mguu wake unapoutia.

Kitambulisho cha Mzanzibari au cha taifa (NIDA) kiwekwe mfuko wa juu, si chini ya begi. Kinaulizwa getini, na ada ya Mtanzania si ya mgeni.

Siku ya 3: Londorossi hadi Mti Mkubwa, kama mita 2,700

Gari linapita Boma Ng'ombe na Sanya Juu, karibu saa tatu mpaka Londorossi. Getini mizigo inapimwa: mgumu mmoja, ndivyo wapagazi wanavyoitana mlimani, haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20, na ndani ya hizo begi la mpandaji lisizidi 15. Kundi la wanane linakwenda na watu karibu 30: kiongozi mkuu, wasaidizi wake, mpishi na wagumu. Kwa sheria za hifadhi hakuna anayepanda bila kiongozi mwenye leseni. Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi. Beba za kudumu, na moja iwe na mdomo mpana.

Mwendo wa msituni ni saa mbili au tatu, rahisi, na hapo ndipo makosa huanza. Watu wana nguvu, wanacheka, wanakwenda mbio. Kasi inayotakiwa ni ile ambayo unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuvuta pumzi katikati. Ukishindwa, umezidisha, hata kama miguu haijachoka.

Usiku kiongozi alipitia kila hema na kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Namba zilikuwa nzuri. Hapo hazisemi mengi bado. Zinaandikwa ili ziwepo za kulinganisha.

Siku ya 4: Shira 1, kama mita 3,500

Hii ndiyo siku ngumu ambayo vitabu vya safari vinaipita upesi. Mapendekezo ya madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kutoka Mti Mkubwa mpaka Shira ni mita 800 kwa mpigo, na siku tatu nyuma mwili ulikuwa Malindi. Wanne kati ya wanane waliumwa kichwa jioni.

Kuna tabia yetu moja ambayo kiongozi wa Moshi lazima aelezwe. Ukimuuliza mtu wa Unguja au Pemba, "Mzee, u mzima?", atakujibu "Alhamdulillahi". Atajibu hivyo akiwa mzima, na atajibu hivyo kichwa kikimpasuka, kwani ndiyo adabu na ndiyo shukurani. Jibu hilo ni zuri barazani. Hemani halitoshi, na ukimya wake unaweza kuua. Kwa hiyo swali livunjwe vipande: kichwa kinauma, kutoka 0 hadi 3? Tumbo, kichefuchefu, umetapika? Uchovu? Kizunguzungu? Kila kimoja kinapewa namba. Kichwa kikiwa kinauma na jumla ikafika 3 au zaidi, huo ni ugonjwa wa mwinuko, na mgonjwa hapandi mpaka upungue. Kisha yaongezwe maswali yasiyopendeza: umekula nini, umekwenda haja ndogo mara ngapi, rangi gani? Kinamama waulizwe na mwanamke mwenzao, au la watajibu nusu.

Waliopata 3 walipewa maji, supu na dawa ya maumivu, wakalala kichwa kimeinuliwa. Alfajiri watatu walikuwa wazuri kabisa, na wa nne alipata 1.

Usingizi wa kwanza wa juu hushtua wenye kulala wawili hemani. Mwenzio anapumua haraka haraka, anasita sekunde kadhaa kimya kabisa, halafu anavuta pumzi kama aliyeibuka majini. Ni kawaida kwenye mwinuko na si dalili ya hatari peke yake. Dawa za usingizi zisitumiwe, zinaweza kudhoofisha upumuaji.

Siku ya 5: Shira 2, kama mita 3,850

Mwendo mfupi kwenye uwanda. Mchana kundi lilipanda mita 150 zaidi, likakaa nusu saa, likarudi. Panda juu, lala chini: si lazima kuwa mbali, lakini kwa watu wa pwani isiachwe.

Sala mlimani zinawezekana bila vurugu. Msafiri anapunguza na kukusanya, kwa hiyo adhuhuri na alasiri zinakwenda pamoja kambini. Kibla ni kaskazini karibu sawasawa, kama nyumbani. Maji ya udhu asubuhi yana ganda la barafu. Aliyekuwa na hofu ya kudhurika alikuwa ameshamuuliza sheikhe wake kuhusu kutayamamu, yaani kutawadha kwa vumbi, kabla ya kuondoka Unguja. Jambo hili lisiamuliwe kwa kubishana gizani.

Siku ya 6: Lava Tower, kisha Barranco

Siku yenye faida kubwa kuliko zote. Unapanda mpaka kama mita 4,600 kwenye mnara wa mawe, unakula pale, unashuka kulala Barranco chini ya mita 4,000. Mwili unapewa amri ya juu halafu unapumzishwa chini. Ulazimishe mlo Lava Tower hata kidogo: tende tatu, supu, chai ya tangawizi. Hamu ya kula hufa kwenye mwinuko, na asiyekula leo hatakuwa na mafuta usiku wa kilele. Tende zilibebwa kilo mbili kutoka Darajani. Zikae karibu na mwili, kwenye begi zinakuwa ngumu.

Mzamiaji mmoja alitapika hapo juu na kichwa kikamfikia 2. Alishushwa mara moja na kiongozi msaidizi, bila kungoja wenzake wamalize kula. Alipofika Barranco alikuwa anaomba wali. Namna hiyo ya kupona haraka kwa kushuka ndiyo inayoonyesha ugonjwa ulikuwa wa mwinuko. Malaria nayo huleta kichwa na kutapika, lakini haiondoki kwa kushuka mita 600, na ina homa. Vipimo vya haraka vya malaria viwepo kwenye sanduku la dawa.

Siku ya 7: Karanga, kama mita 4,000

Ukuta wa Barranco asubuhi, karibu mita 250 za kupanda kwa mikono na miguu. Fimbo zikunjwe na kufungwa begini, mikono iwe huru. Wagumu wanapita na mizigo kichwani: simama upande wa mlima, usisimame upande wa bonde. Si lazima kuwa na kamba.

Karanga ndipo maji ya mwisho. Yote yatakayotumika Barafu yanabebwa kutoka hapa mabegani mwa watu, kwa hiyo kule juu hakuna ya kuoga.

Siku ya 8: Barafu, kama mita 4,650

Saa nne za mwendo wa taratibu, chakula, kisha kulala mchana. Pilau haipikiki kirahisi hapa. Kwenye mwinuko huu maji yanachemka karibu nyuzi 85, na mchele unachelewa sana kuiva. Mpishi anayejua kazi yake analeta sufuria ya mvuke yenye kifuniko cha kufunga, au anapika tambi na mtori. Nyama alikuwa ameinunua Moshi kwa mchinjaji Mwislamu, na hilo lilipangwa kwa simu wiki moja kabla.

Jioni vipimo vya mwisho. Kwenye kambi hii oksijeni ya damu ya asilimia 80 hadi 85 ni ya kawaida kwa wengi, na namba peke yake haimzuii mtu. Kinachomzuia ni hali yake. Kila mmoja alitembea mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole, hatua kumi. Anayeyumba kama mlevi ubongo wake unavimba, na huyo hashuki kesho, anashuka sasa hivi, usiku huohuo, na oksijeni ya chupa na deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, kama kiongozi amefundishwa kuitoa. Vivyo hivyo anayehema akiwa amekaa tu, au anayekohoa makohozi yenye povu: mapafu yanajaa maji. Machela ya tairi moja yapo kwenye njia ya kushukia, lakini mgonjwa anayeweza kutembea akishikwa anafika chini mapema zaidi.

Mama mmoja kutoka Wete alitembea mstari vizuri ila alikuwa na 4, kichwa na tumbo, na hakuwa amekula tangu asubuhi. Kiongozi alikaa naye, akamwambia, "Mama, leo hupandi." Akashuka kambi ya Mweka na msaidizi kabla ya magharibi. Alilala vizuri, akala asubuhi. Uamuzi ulikuwa rahisi kwa sababu sheria ilisomwa Moshi mbele ya wote, na kila mtu aliikubali akiwa na akili timamu: kiongozi akisema shuka, hakuna rufaa.

Siku ya 9: Stella, Uhuru, na kushuka hadi Mweka

Kuamka saa 4:30 usiku, kuondoka saa 5:30. Nyuzi 10 hadi 15 chini ya sifuri, na upepo juu yake. Juu tabaka nne, chini tatu, glavu nyembamba ndani ya nene. Chupa zinageuzwa mdomo chini, kwani barafu inaanza juu ya maji. Mrija wa kunywea unaganda ndani ya saa moja usipopuliza maji yarudi kwenye mfuko wake. Betri za akiba na simu vikae ndani ya nguo, kifuani.

Hatua moja, pumzi moja. Kupumzika kusizidi dakika tano, mtu amesimama. Alfajiri iliingia chini kidogo ya Stella, pale njia inapofika ukingo wa kreta. Waliosali walisali haraka, makoti mazito yakiwa mwilini.

Stella ni kama mita 5,750, na kutoka hapo mpaka Uhuru ni saa moja ya kuzunguka ukingo. Kushoto ni barafu za kusini, za Rebmann na majirani zake. Kulia, ndani ya kreta, ni mabaki ya barafu ya Furtwängler. Mwaka 1912 barafu zote za Kibo zilienea karibu kilomita za mraba 11.4. Kufikia 2011 zilibaki 1.76. Theluji mpya haitoshi kuzilisha, na jua linazikata kwenye kuta zake zilizosimama wima. Sehemu kubwa inageuka mvuke bila hata kuwa maji. Usikaribie kuta hizo kupiga picha. Vipande huanguka bila onyo.

Kwenye njia hii hutembei juu ya barafu ya kudumu. Theluji ikiwa imeanguka, meno madogo ya chuma ya kuvalisha kwenye buti yanatosha. Njia za kale zinazopita kwenye barafu zenyewe za kusini sasa zimekatika na zinamwaga mawe. Kiongozi mwenye busara hampeleki mgeni huko.

Saba walifika Uhuru. Walikaa dakika 15. Kikomo cha kugeuka kilikuwa saa 3 asubuhi popote mtu alipo, na hakuna aliyekifikia.

Kushuka kwenye changarawe kunachoma mapaja. Kisigino kwanza, magoti yamelegea, kamba za buti zimekazwa juu ili vidole visigonge mbele. Kambi ya Barafu kwa chakula na saa moja ya kulala, kisha Mweka, kama mita 3,100.

Siku ya 10: Geti la Mweka, na baada yake

Saa tatu za msitu wenye tope mpaka mita 1,640. Kabla ya kuondoka kambini bahashishi hutolewa mbele ya wagumu wote, kila kiasi kikitajwa kwa sauti, ili mwenye mzigo mzito asipate kidogo bila kujua. Vyeti getini.

Watatu wanataka barafu ya kweli: kilele cha Margherita huko Rwenzori, mita 5,109, kinachopandwa kwa kamba, mkanda wa kiunoni, meno marefu ya chuma na shoka la barafu. Ushauri waliopewa ni wasirudi Unguja kwanza. Mazoea ya mwinuko yanaanza kupotea ndani ya siku chache za usawa wa bahari, na baada ya wiki mbili au tatu hayapo. Wapumzike siku mbili Moshi, waende Uganda moja kwa moja. Kazi ya kamba na meno waifanyie mazoezi chini, kwenye miamba, siku nzima kabla ya kuigusa barafu: kufunga fundo wakiwa na glavu, kutembea miguu imeachana ili meno yasichane suruali, kujizuia kwa shoka wanapoteleza. Anayepitia nyumbani kwa mwezi mmoja aanze kuhesabu siku zake upya, kutoka mita sifuri.